Inasawazisha, Tafadhali Subiri

Naipenda serikali yangu. Naomba hilo liandikwe mwanzoni kabisa, kabla mtu hajaanza kusoma humu mambo yasiyokuwemo. Nimeitumikia Jamhuri ya Tutafika kwa miaka ishirini na miwili nikiwa mtunza stoo wa Kituo cha Maji cha Mtelemko, na katika miaka yote hiyo haijapotea hata nati moja. Jina langu ni Zakayo Mhelela. Kituoni huniita Mzee Stoo, wengine kwa heshima na wengine kwa hasira, na mimi huitikia zote mbili.

Kwa hiyo ninapoeleza habari za simu, za beringi, na za zile siku ishirini na tatu ambazo mji wetu ulikosa maji, simlaumu mtu. Naeleza tu. Atakayeona lawama humu ajue ameileta mwenyewe kutoka nyumbani kwake.

* * *

Mambo yalianza siku Waziri wa Maji, Mawasiliano na Mwendokasi alipoizika karatasi. Sisemi kwa mafumbo. Lilichimbwa kaburi katika bustani ya wizara, likaletwa jeneza dogo lenye bunda moja la karatasi nyeupe, bendi ikapiga nyimbo za huzuni, na Waziri mwenyewe akatupa udongo wa kwanza. Sisi wa mbali tulifuata msiba redioni.

“Ndugu wananchi!” alisema, na sauti yake ikawa nzito kama ya mfiwa. “Karatasi imetutesa vya kutosha. Karatasi inachanika. Karatasi inaliwa na panya. Karatasi inasomwa na watu isiowahusu! Kuanzia leo, hakuna kibali, hakuna ruhusa, hakuna amri itakayotambulika mpaka ionekane kwa macho ndani ya barua pepe ya kikazi, ndani ya simu ya kikazi, mkononi mwa mkuu wa kituo. Wenzetu wanatembea, sisi tumeshafika!”

Mtangazaji alisema makofi yalidumu dakika tisa. Alisema pia kwamba ratiba ya mazishi ilikuwa nzuri sana, kurasa kumi na nne, na kila mwombolezaji alipewa nakala yake aende nayo nyumbani.

Baada ya wiki mbili tukaletewa simu. Niliipokea, nikaiandika kwenye leja: simu ya kikazi, moja, nyeusi, pamoja na chaja yake. Kisha nikamkabidhi mkuu wa kituo, Mhandisi Siwema Kahumbi, naye akatia sahihi.

Huyu Siwema alikuwa na miaka thelathini na sita, na alikuwa ameletwa kwetu mwaka mmoja nyuma. Grisi haikumtoka kwenye kucha hata Jumapili. Aliweza kusimama mlangoni mwa nyumba ya pampu, akainamisha kichwa, akakwambia kinacholegea ni nini kabla hajashika spana. Mimi sikumpenda sana, maana alikuwa na tabia ya kuuliza kwa nini. Kijana anayeuliza kwa nini kwenye stoo ya serikali anakuchosha kabla ya saa nne asubuhi.

Akaiwasha simu. Ikaingia barua pepe moja, ya Waziri, ikimpongeza kwa kuunganishwa. Baada ya hapo haikuingia nyingine.

* * *

Pampu ilikufa siku ya Jumatatu. Ilipiga kelele kwanza, kisha ikatoa moshi kidogo, kisha ikanyamaza. Siwema alitoka nje akiwa ameshika beringi iliyosagika, ile pete ya chuma ambamo mhimili wa pampu huzunguka, vipande vyake vimejaa kiganjani.

Mji wetu una watu elfu sita, na pampu moja. Ila tulikuwa na bahati. Beringi mpya ilikuwapo stoo, rafu ya tatu, imeviringishwa kwenye karatasi ya mafuta tangu mwaka juzi. Kutoka rafu ya tatu hadi kwenye pampu ni hatua ishirini na sita. Nimezipima.

“Mzee Stoo, naomba ile beringi,” Siwema alisema.

“Nakupa. Kibali kiko wapi?”

“Nimeshatuma maombi sasa hivi. Watanijibu.”

“Wakijibu nakupa.”

“Mzee, maji yamekatika mji mzima. Beringi yenyewe iko pale, ninaiona.”

“Hata mimi naiona,” nikamwambia, nikafunga dirisha la stoo.

Msinitazame hivyo. Waraka wa Waziri ulikuwa umebandikwa ukutani juu ya kichwa changu, na kibali kilikuwa na masharti yake.

Saa nane mchana wakapiga simu kutoka Idara ya Vipuri, makao makuu. Habari njema! Mkurugenzi ameidhinisha, kibali kimeshatumwa, tuangalie barua pepe. Tukaangalia. Kwenye kioo kulikuwa na kiduara kidogo cha bluu kinazunguka, na chini yake maneno: Inasawazisha, tafadhali subiri.

“Ndugu yangu, barua pepe haziingii,” Siwema akawaambia. “Tafadhali nisomee tu, au mwambie mtunza stoo, huyu hapa.”

“Kwa mdomo haitambuliki, Mhandisi,” yule bwana akajibu kwa upole. “Wewe subiri. Inasawazisha.”

* * *

Wizara ilikuwa imeanzisha Kitengo cha Msaada. Ukipiga, anapokea bwana mmoja mwenye sauti ya kuvutia, kama ya mtu aliyelala vizuri na kunywa supu. Hakuwa na jina. Alijitambulisha kama Mtoa Huduma Namba Saba.

“Pole sana kwa changamoto,” alisema. “Zima simu, halafu iwashe.”

Siwema akazima, akawasha. Kiduara kikazunguka.

“Safi sana,” Namba Saba akasema. “Rudia mara tatu, kila baada ya saa moja, kisha unipigie kesho.”

Kesho yake akamwambia afute akaunti yote na kuiweka upya. Hapo ikatakiwa paswedi mpya. Paswedi ilipaswa kuwa na herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, alama, na jina la shujaa wa taifa, lakini lisiwe jina ambalo mtu mwingine anaweza kulikisia. Tuna mashujaa watatu tu. Siwema alijaribu wote, kwa kila namna, mpaka simu ikamfungia nje kwa saa ishirini na nne kwa kosa la kukisia mno.

Siku ya tano ikawa zamu ya kurekebisha saa ya simu. “Inawezekana simu yako haijui iko wapi,” Namba Saba alisema. “Nenda palipoandikwa nchi, uchague nchi yako.”

Siwema akashuka kwenye orodha yote, akapanda, akashuka tena. “Kaka, Tutafika haimo.”

“Haimo?”

“Haimo. Ipo nchi jirani. Saa zetu ni zilezile, nichague hiyo?”

Mtumishi wa umma kuchagua nchi nyingine si jambo la kuamuliwa na Namba Saba peke yake. Akaomba apewe muda awaulize wakubwa. Jibu lilichukua siku mbili na lilikuja na masharti: achague nchi jirani, ila moyoni abaki hapa. Nikatakiwa kushuhudia. Tukasimama wote wawili wima mbele ya bendera ya kituo, Siwema akachagua nchi jirani, nami nikaandika kwenye daftari kwamba uso wake haukuonyesha furaha yoyote.

Kiduara kikaendelea kuzunguka, sasa kwa saa za kigeni.

Siku ya nane akaambiwa apande mahali pa juu. Akapanda juu ya tangi la maji, tangi tupu, akasimama huko na simu kichwani. Mtandao ulikuwa umejaa tele. Ungeweza kupiga simu popote duniani. Nilimwona kutoka chini akiizungusha huku na huko, na nikamsikia akisema maneno ambayo mkuu wa kituo hapaswi kuyasema akiwa kazini. Sikuyaandika.

Aliposhuka alikuwa na jambo jipya. Namba Saba alikuwa amempa namba ya kufungulia tatizo, ili tatizo letu litambulike rasmi. Namba hiyo imetumwa kwenye barua pepe yake.

* * *

Sasa nimtaje Nesi Perusi, maana kila asubuhi alikuwa wa kwanza getini. Ndiye aliyekuwa akiendesha wodi ya wazazi katika zahanati yetu, yeye na msaidizi mmoja. Alikuja na ndoo mbili za njano, akiziweka chini kwa utaratibu uleule, kisha anauliza, “Tayari?”

“Bado,” tunamjibu.

Anachukua ndoo zake, anawapa wanaokwenda mtoni. Mto uko kilomita saba, na maji yake ukiyachota ni lazima uyaache yatulie nusu siku ndipo uone kidole chako.

Siku ya kumi alimwomba Siwema amwonyeshe simu. Akaishika kwa mikono miwili, akaitazama.

“Hiki kinachozunguka ni nini?”

“Ndiyo serikali inakuja,” Siwema akamjibu.

“Inakuja kutoka wapi, mbona haifiki?” Perusi akarudisha simu. “Jana wamezaliwa wawili. Nimewapangusa kwa kitenge kilicholowekwa kwenye maji ya kopo. Kopo moja, Mhandisi, watoto wawili. Na mama zao wananiuliza maji ya kunawa, nawajibu nini? Niwaambie wasubiri kiduara?”

Siwema aliniangalia mimi, mimi nikaangalia waraka. Siku hiyo chakula cha mchana nilikirudisha nusu, lakini nililaumu maharage.

* * *

Siku ya kumi na tano Siwema akasema anakwenda makao makuu mwenyewe, na simu anaichukua. Nikamkumbusha kwamba simu imo kwenye leja yangu, na mali iliyomo kwenye leja haiwezi kutoka wilayani bila mtunza stoo kuwa nayo.

“Basi twende wote, Mzee,” alisema. “Labda wewe watakuelewa.”

Tukasafiri siku nzima. Jengo la wizara ni la vioo vitupu, na mlangoni pana tangazo: HUMU NDANI HATUTUMII KARATASI. Tangazo lenyewe lilikuwa karatasi, imegongwa mhuri na kubandikwa kwa gundi.

Tukapelekwa huku, tukapelekwa kule. Kila ofisi ilisema kibali chetu kimetoka siku nyingi na ikatushangaa kwa nini hatuna. Mwishowe mlinzi mmoja akatuonea huruma. “Ninyi mnatafuta barua pepe?” akasema. “Barua pepe ziko chini, masijala.”

Masijala ilikuwa chumba kirefu bila dirisha. Mashine tatu zilikuwa zinachapa bila kupumzika, na kando ya kuta zote yalisimama majalada, ya kijani, ya pinki, ya manjano, mpaka darini. Mama mmoja wa makamo, miwani yake imening'inia kwa uzi, akatukaribisha viti. Aliitwa Bi. Honorata.

“Barua pepe zote za wizara huangukia hapa kwanza,” alitueleza, na nilisikia fahari katika sauti yake. “Kila moja tunaichapa, tunaipa namba, tunaiweka kwenye jalada lake. Mkuu wa Masijala anaisoma, anaandika pembeni ‘Kwa hatua zako’, anagonga mhuri. Hapo ndipo tunaipiga picha na kuirudisha mtandaoni iende kwa mwenyewe.”

“Waziri anajua hili?” Siwema akauliza.

“Dada yangu, tangu wizara hii ianzishwe, barua haijawahi kutoka bila kupita masijala. Waziri alituambia tuzike karatasi. Hakutuambia tuzike masijala.”

Nitasema ukweli: nilimwelewa. Mtu wa stoo na mtu wa masijala ni ndugu wa damu. Nilitaka hata kumpongeza kwa jinsi majalada yalivyonyooka. Halafu nikaona trei iliyokuwa mezani, na jalada la tatu kutoka juu liliandikwa MTELEMKO, PAMPU, BERINGI MOJA. Siwema naye aliliona. Bi. Honorata akatufungulia bila kinyongo. Kibali kilikuwa humo, kimesainiwa na Mkurugenzi siku ileile ya Jumatatu, saa saba na nusu mchana.

“Hakina mhuri,” nikasema.

“Mkuu wa Masijala hayupo. Funguo za droo ya mhuri anazo yeye.”

“Yuko wapi?”

“Yuko semina, hotelini, ziwani. Wiki sita. Zimebaki kama nne.”

“Semina ya nini?” Siwema akauliza, na nilitamani asingeuliza.

“Ya kasi,” Bi. Honorata akasema.

Siwema akatoa simu mfukoni, akaiweka mezani kando ya jalada. Kati ya kibali na simu palikuwa na nafasi ya kupitisha kiganja tu. Kiduara kilikuwa kinazunguka. “Naomba niipige picha,” akasema taratibu.

“Picha si barua pepe, dada.”

“Basi nipeni karatasi hii.”

“Karatasi ilishazikwa.”

“Na kule Kitengo cha Msaada, kwa nini wananiambia kila siku nizime simu niwashe? Nimesimama juu ya tangi, mama! Nimebadilisha nchi!”

Bi. Honorata akavaa miwani yake, akamtazama kwa masikitiko ya kweli. “Kile ni kitengo kingine,” akasema.

Siwema akakaa sakafuni. Mkuu wa kituo, mhandisi mwenye shahada, akakaa sakafuni kati ya majalada, akajifunika uso kwa mikono yake yenye grisi. Hakulia kwa sauti. Mimi nilisimama tu pale na kofia mkononi. Nilikasirika, nakiri, lakini sikujua nimkasirikie nani, maana kila mmoja mle ndani alikuwa anafanya kazi yake sawasawa, hata mimi.

* * *

Tulirudi. Namba Saba alipiga simu kuuliza kama huduma yake inaridhisha, kwa alama kuanzia moja hadi tano. Siwema alimwambia jambo, naye akasema jambo hilo halimo kati ya moja na tano.

Asubuhi ya siku ya ishirini na tatu Nesi Perusi alikuja bila ndoo.

Siwema alikuwa ndani ya nyumba ya pampu, anasafisha kwa mara ya kumi mashine ambayo ilikuwa safi tayari. Perusi hakwenda kwake. Alikuja moja kwa moja kwenye dirisha langu.

“Alfajiri mama mmoja ametoka damu nyingi,” alisema. “Maji yaliyochemka yalikuwa kwenye birika tu, na yalishatiwa majani. Nimenawa mikono kwa chai, Mzee Mhelela. Chai ya rangi. Nikaingia kumzalisha na mikono inanuka tangawizi.”

“Yuko hai?” nikauliza.

“Wako hai wote wawili. Leo.” Akachungulia ndani ya stoo, moja kwa moja kwenye rafu ya tatu. “Ile beringi ina uzito gani?”

Mambo ya uzito nayajua. “Kilo tatu na nusu.”

“Mtoto ana kilo mbili na robo,” alisema, akageuka akaenda zake.

Niliufuta waraka vumbi. Kisha nikakumbuka kwamba nahitaji kunyoa, nikatoka, nikaenda kwa kinyozi. Kwa miaka ishirini na miwili sijawahi kusahau ufunguo wa stoo kwenye kufuli, na kufuli likiwa wazi, na mlango umerudishwa nusu. Siku hiyo nilisahau. Ni uzee.

Ningependa kutaja kwamba mimi nina upara tangu nikiwa na miaka arobaini. Kinyozi alinikalisha, akanifunga shuka shingoni, akanizunguka mara mbili, akauliza, “Mzee, ninyoe nini?”

“Nyoa taratibu,” nikamwambia.

Alinyoa hewa kwa saa mbili na nusu. Tulikuwa tumeanza kuzungumzia ndevu zangu, ambazo nazo si nyingi, bomba la uani kwake lilipokohoa. Likakohoa tena, likatema kutu, kisha maji. Mtaa mzima ukapiga kelele. Kinyozi akatupa mashine, akakimbilia nje na beseni. Mimi nilibaki kwenye kiti na shuka shingoni, na machozi yalinitoka, kwa sababu ya poda aliyonipaka.

Niliporudi stoo nikaandika kwenye leja, kama sheria inavyotaka: beringi, moja, haipo.

* * *

Jioni hiyohiyo Waziri alitangaza redioni kwamba Mtelemko imepata maji, jambo linalothibitisha ubora wa mfumo mpya wa barua pepe. Akauliza, wapinzani wa maendeleo wako wapi sasa? Alisema ataagiza kibali cha Mtelemko kiwekwe kwenye makumbusho.

Walipokwenda kukichukua wakakikuta kwenye trei, hakina mhuri. Ikaonekana kwamba maji yetu yalikuwa yakitoka kinyume cha utaratibu.

Wizara ile ambayo ilikuwa imeshindwa kutufikishia mistari minne ya kibali kwa siku ishirini na tatu ilitufikia kesho yake kabla ya saa tisa. Lilikuja gari jeupe, limejaa vumbi la safari yote, akashuka bwana wa suti akiwa na bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi, ileile tuliyoiombolezea, na ilikuwa na mihuri mitatu.

“Nani alifungua stoo?” akauliza.

“Nilikuta mlango uko wazi, nikaingia,” Siwema akasema. “Ni mimi.”

“Nani aliuacha wazi?”

Nikafungua mdomo. Siwema akaniwahi. “Mlango wenyewe mbovu,” akasema. “Nimeshaandika mara nyingi utengenezwe. Barua pepe.”

“Na mtunza stoo alikuwa wapi?”

“Kinyozi,” nikajibu. Yule bwana akanitazama kichwa kwa muda mrefu, asipate swali.

Siwema akasoma barua kwa sauti, maana alitaka nisikie. Anaachishwa kazi. Amedhalilisha utaratibu, ametumia beringi kabla ya wakati wake, ametoa maji. Sauti yake ilianza kukatika. Nilimwangalia yule mtoto wa watu, aliyetuletea maji, amesimama juani akifukuzwa kwa mihuri mitatu, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu nilitamani kumpiga mtu kwa leja.

Akafika mstari wa mwisho. Akausoma tena, polepole.

“Barua hii itaanza kutumika pale mhusika atakapothibitisha kuipokea, kwa kujibu nakala iliyotumwa kwenye barua pepe yake ya kikazi, ndani ya simu yake ya kikazi.”

Tukaitazama simu. Inasawazisha, tafadhali subiri.

“Unijibu sasa hivi niondoke,” bwana wa suti akasema.

“Nakala haijaingia, mkubwa,” Siwema akasema, na nikaona kona ya mdomo wake inacheza. “Nikijibu nje ya utaratibu nitakuwa nimerudia kosa.”

Bwana yule akasubiri mpaka saa kumi na moja, akaondoka. Siwema akabonyeza kitufe, akaizima simu. Kisha akaja dirishani kwangu, akaniwekea mbele.

“Mzee Stoo, narudisha mali ya serikali. Naomba uipokee.”

“Nimeipokea, mwanangu,” nikasema. Nilikuwa sijawahi kumwita hivyo.

* * *

Mwezi uliofuata alikuja mgeni na sanduku la vifaa. Nilimtambua kwa sauti kabla hajajitambulisha: alikuwa Mtoa Huduma Namba Saba, na kumbe ni mtu mfupi. Nesi Perusi, aliyekuwa akipita, akamletea maji ya kunawa, beseni zima, akamwambia anawe atakavyo.

Akatueleza kwa furaha. Mkuu wa Masijala amerudi kutoka semina, ameongezewa kasi, amegonga mihuri yote kwa siku moja. Simu zote nchini zimefunguka isipokuwa ya Mtelemko, na wizara imemtuma aje kuifungua, kwani kuna barua moja inasubiriwa sana ijibiwe. Nyuma yake, kwenye nyumba ya pampu, nilisikia spana ya Siwema imesimama.

“Si kazi kubwa,” Namba Saba akasema. “Simu iko wapi?”

“Iko stoo,” nikamwambia.

“Naomba uitoe basi.”

“Nakupa. Kibali kiko wapi?”

“Kibali gani?”

Nikamwonyesha waraka ukutani, nikamsomea kwa kidole, neno kwa neno. Hakuna kitu kitakachotoka mpaka kibali kionekane kwa macho, ndani ya barua pepe ya kikazi, ndani ya simu ya kikazi.

“Simu ipi?” akauliza.

“Hiyo.”

Alifikiri. Nilimwacha afikiri, sina haraka, nina miaka mitatu kabla ya kustaafu. Akainama, akachungulia dirishani mpaka rafu ya tatu, pale ilipokuwa beringi, ambapo sasa pamekaa kitu kidogo kimeviringishwa vizuri kwenye karatasi ya mafuta.

“Lakini, Mzee, inahitaji kuwashwa tu,” alisema. “Iko pale, ninaiona!”

“Hata mimi naiona,” nikamwambia, nikamvutia kiti asubiri.